Talaka ya Barafuni

Mimi niliachika kwa bao. Wala si bao la mpira wa miguu, ambao angalau nimekua nikiwaona kaka zangu wakigombana kwa ajili yake. Ni bao la mpira wa magongo wa barafuni, mchezo wa watu wanaovaa viatu vyenye visu chini na kukimbizana na kidude cheusi kisichozidi kifuniko cha kopo la samli. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2002, nyumbani kwetu Sparkhill, Birmingham, na mchezo wenyewe ulikuwa ukichezwa Marekani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Belarus, watu ambao hakuna aliyewatia hesabuni, waliwatoa Sweden. Wapenzi wa mchezo ule wanalisimulia bao hilo mpaka leo. Likitajwa mbele yangu hucheka peke yangu, na aliye karibu hudhani nami ni mpenzi wa magongo.

Kwanza nieleze ulimi wa mume wangu. Alikulia Darajani, Unguja, dukani kwa baba yake muuza vitambaa, na pale dukani alijifunza kwamba bei isiyo na kiapo haiaminiki. Wapo waapao kwa Mungu. Yeye aliapa kwa talaka. "Talaka yangu, kitenge hiki hukipati pengine!" Alipohamia Uingereza alikuja na ulimi huohuo. Basi likichelewa Stratford Road, "Talaka yangu, leo haliji." Muuza nyama akimzidishia mifupa, "Talaka yangu, sikanyagi tena hapa," na Jumamosi ya pili utamkuta palepale kwenye foleni anauliza kama maini yapo. Mimi hakunitaja hata mara moja. Ilikuwa talaka ya kurusha hewani tu, isiyo na mwenyewe, lakini kila alipoitamka moyo wangu uliruka. Chuoni tulifundishwa, tungali watoto wa kukaa jamvini, kwamba mambo matatu hayana mzaha: ndoa, talaka, na mume kumrejea mkewe. Ukiyasema huku unacheka, yameshakuwa.

Nikimwambia, "Bwana, neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi," yeye hucheka. "Hayo ni mazungumzo ya sokoni, mke wangu, usiyatie moyoni." Mama yake naye akimwambia kwenye simu kutoka Unguja, "Mwanangu, mdomo uliponza kichwa," humwitikia "Naam, mama," kwa adabu zote, kisha huendelea vilevile.

Mwezi wa kwanza mwaka ule aliteleza. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari upande wa Castle Vale, na alfajiri ile alikuwa kituoni akisubiri basi. Barafu ilikuwa nyembamba hata haikuonekana, naye alikuwa akitembea kama alivyozoea kutembea, kifua mbele, na mfupa wa mundi ukavunjika. Hospitali wakamtia plasta kutoka vidoleni mpaka gotini, wakampa magongo ya kutembelea, wakamwambia akae nyumbani. Kumwambia mtu yule akae nyumbani ni kuniadhibu mimi. Alilalamika chai, akalalamika mto, akalalamika mvua inayonyesha nje ambayo hakuwa anakwenda kunyeshewa.

Olimpiki ilipoanza nikapumua. Kutwa alikuwa mbele ya televisheni, mguu juu ya kigoda, na tukawa na magongo ndani ya televisheni na magongo nje ya televisheni. Mtu aliyeangushwa na barafu ya kituo cha basi akawa hakimu wa barafu ya dunia nzima. Wanaoruka kutoka mlimani aliwasahihisha. Mabinti wanaocheza ngoma juu ya barafu aliwakosoa viuno. Lakini kilichomteka hasa ni magongo, na katika magongo, Sweden.

Hilo halikunishangaza. Mume wangu alikuwa mtu wa kumpenda mshindi. Nyumbani aliishabikia timu iliyoongoza ligi, mwaka unaofuata akahamia nyingine na kuapa kwa talaka kwamba hakuwahi kuhama. Sweden walikuwa wameshinda michezo yao yote ya kundi, hata Kanada, watu waliozaliwa na barafu mguuni, waliwafunga. Belarus wao walikuwa wamepoteza michezo yao yote mitatu ya kundi, na miwili walipigwa vibaya. Kwa namna mashindano yalivyopangwa, hata walioshika mkia walipewa nafasi ya kuendelea, wakutane na walioongoza. Kwa hiyo Belarus na Sweden wakapangwa pamoja, na atakayefungwa aende kwao.

Mchezo ulikuwa Jumatano jioni, kwa saa za kwetu Birmingham. Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga Arafa na Idi Kubwa ilikuwa mlangoni, basi mimi nilikuwa jikoni nakanda unga wa visheti. Nyumba zetu za Sparkhill ni ndogo na zimeshikana. Ukiwa jikoni unasikia sebule yako yote, na ukitega sikio unasikia na sebule ya jirani. Sebuleni alikuwapo mume wangu na rafiki yake mmoja tu, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekuwa akifanya kazi naye ghalani. Alikaa Hodge Hill, lakini tangu rafiki yake avunjike mguu alipitia kwetu kila atokapo kazini, na kila siku alikuja na mkate mkononi hata nikimwambia tunao. Alikuwa mpole, mkubwa wa mwili, na hodari wa kumchokoza mwenzake bila kupandisha sauti.

"Ndugu, leo miye niko na bale badogo," nilimsikia akisema. "Bale bakubwa banajivuna sana."

"Yakhe, hao wamekuja kutembea," mume wangu akajibu. "Watazame hata kofia zao. Wameshafungasha mabegi."

Sweden wakafunga kwanza. Mume wangu akapiga kigongo chake sakafuni na kuniita nilete chai. Nilipofika na birika, Belarus wakasawazisha. Niliporudi jikoni wakafunga la pili. Halafu Sweden wakasawazisha na kelele zikarudi. Ikaenda hivyo. Belarus wakatangulia tena, tatu kwa mbili, na nikamsikia yule rafiki akicheka cheko lake la chini chini, la mtu anayejaribu kutocheka. Nakwambia kweli, mume wangu alikuwa anateseka kama aliyeweka dau, na wala hakuweka hata senti.

Kisha Sweden wakafunga la tatu. Nilikuwa ninaingia na sinia ya visheti vya kwanza, vya kuonja. Mume wangu alikuwa ameinuka kwa mguu mmoja, uso unang'aa, mkono mmoja juu.

"Umeona? Umeona, yakhe? Yamekwisha haya!"

"Bado muchezo, ndugu. Bale badogo beko na nguvu."

"Nguvu gani? Mke wangu kaachika hao wadogo wakishinda leo! Mke wangu huyu hapa, kaachika!"

Na akaninyooshea kidole. Mimi na sinia yangu.

Televisheni iliendelea kupiga kelele zake. Rafiki yake ndiye aliyezungumza kwanza, taratibu, kama anayemwambia mtu ashuke ngazi iliyooza.

"Rudisha ile neno, ndugu. Bibi yako iko anasikia."

"Sirudishi. Wanashinda na nini hawa?"

"Iyo haiko muchezo, mon frère. Rudisha."

"Nimeshasema." Akaketi. Lakini nilimwona akinitupia jicho, na jicho lile halikuwa na kifua mbele.

Rafiki yake hakujua kwamba neno lile halirudishwi. Mume wangu alijua, na mimi nilijua. Talaka iliyofungwa kwenye sharti imefungwa, na sharti lenyewe lilikuwa mbele yetu likiteleza huku na huku kwenye barafu ya Marekani. Nikaweka sinia mezani, nikafuta unga mikononi, nikaketi kutazama. Ndoa yangu ilikuwa mikononi mwa watu waliovaa kofia za chuma, na sikumjua hata mmoja.

Mwanzoni niliwaombea Sweden. Wallahi niliwaombea dua, mimi ambaye kutwa nilikuwa nimewachoka. Sweden walishambulia na kushambulia, kidude kikapigwa kutoka kila upande, na kila kilipofika kwenye goli la Belarus yule kipa wao alikuwapo. Alizuia kwa mguu, kwa kifua, kwa kulala. Wenzake nao walijitupa mbele ya kidude kile kwa miili yao, na kidude kile kigumu kama jiwe. Wakianguka, wanainuka. Mmoja alibanwa ukutani kwa kishindo nikafumba macho, na nilipoyafumbua alikuwa ameshaondoka yupo upande wa pili anamkimbiza mwingine. Hawakuwa na nafasi yoyote ya kushinda na walicheza kana kwamba hakuna aliyewapa habari hiyo.

Sasa niseme lililo kweli. Katikati ya dua zangu niliona dua zimekatika. Nilikuwa nimesahau kuomba. Nilikuwa nimeinama mbele, ngumi nimezikunja, na kila Sweden wakikosa nilikuwa ninapumua. Sikutaka kuachika. Lakini sikuweza kuwatazama watu wale na kuwatakia mabaya, na niliwapenda, basi, niliwapenda vile vile walivyo.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mtu mmoja wa Belarus alipata kidude karibu na katikati ya uwanja. Hakuwa na mpango wowote, alikipiga tu kwa nguvu kiende mbele, wenzake wapate kupumzika. Kilikwenda juu, kutoka mbali mno. Kipa wa Sweden alikiona. Alikuwa na wakati wa kukiona na kukifikiria. Akainua mkono, kikampita mkono, kikampiga kichwani, kikaruka juu kama chapati inayogeuzwa, kikaanguka nyuma yake, kikajiburura mpaka ndani ya goli.

"Halihesabiwi," mume wangu akasema. "Halihesabiwi hilo. Kimempiga mtu kichwani!"

Lilihesabiwa. Dakika zilizobaki Sweden waliwashambulia kwa hasira na Belarus wakalala mbele ya goli lao kama mikeka, kisha honi ikalia. Watu wa Belarus walirundikana juu ya kipa wao. Kule kwingine kipa wa Sweden alisimama peke yake. Yule Mkongomani, aliyewashabikia Belarus jioni nzima, hakushangilia. Alichukua koti lake na kofia yake, akaniinamishia kichwa kwa heshima, akasema atakuja Idi kama tutamkaribisha, akaenda zake. Visheti hakuvigusa.

Mimi nikainuka na kwenda chumbani, nikachukua mtandio, nikajifunga kichwa vizuri mpaka nywele zote zikaingia ndani. Nikarudi sebuleni nikiwa hivyo. Mume wangu alinitazama, akatazama mlango kuona mgeni gani amekuja, akaona hakuna mgeni. Hapo ndipo lilipomwingia. Mgeni alikuwa yeye.

"Ah, mke wangu, huu si mchezo tu?"

"Talaka haina mchezo. Unalijua hilo kuliko mimi."

Akampigia simu maalim mmoja wa kwetu, aliyekuwa akisomesha watoto mwisho wa wiki. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Naam, maalim. Hapana, maalim, mpira wa barafuni. La, mimi sikuwa nacheza, nilikuwa natazama. Belarus, maalim. Sijui iko wapi, maalim." Akahamishia simu sikio la pili. "Naam. Moja. La, sijawahi, hii ya kwanza. Naam. Naam, maalim." Alipoweka simu masikio yalikuwa mekundu. Maalim alikuwa amemwambia ninalolijua: imepita, lakini ni moja, na maadamu nipo ndani ya eda anaweza kunirejea kwa neno moja tu. Anirejee, na siku nyingine aufunge mdomo.

Nilikuwa nimeshaingia chumbani na kufunga mlango. Nikasikia magongo yake yanakuja ukumbini, yakasimama mlangoni. Nikasikia anavuta pumzi.

"Usiseme," nikamwambia.

"Neno moja tu, yaishe."

"Usiseme. Si leo."

Nieleweke. Hakuhitaji ruhusa yangu. Angelisema neno lile pale mlangoni na ningekuwa mkewe papo hapo, nipende nisipende, sheria ilikuwa upande wake. Nami nilijua angelisemaje. Angelisema kama alivyolisema lile la kwanza, kwa haraka, ili tukae tule. Nilikuwa nimetupwa nje kwa neno la haraka, na sikutaka kuvutwa ndani kwa neno la haraka.

Nilisikia mpira wa gongo lake ukisugua sakafu. Mtu ambaye hakuwahi kuzuia neno, hata mbele ya muuza nyama mwenye kisu mkononi, alilishika neno lile mdomoni na kulimeza.

"Haya," akasema. Magongo yakarudi sebuleni, na usiku ule alilala kwenye kochi.

Kesho yake tulifunga Arafa, kila mtu upande wake. Mchana akaja jirani yetu, muuguzi Mkenya aliyekaa nyumba ya pili, aliyekuwa akipitia kuukagua mguu kila anapotoka zamu. Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Alinikuta jikoni nimejifunga mtandio.

"Haki, dadangu, hii nyumba yenu leo iko aje? Mbona umejifunga hivyo na hakuna wageni?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona sicheki.

"Wacha! Yaani right now wewe si bibi ya mtu? Juu ya game?"

"Ndiyo."

"Na akisema hiyo neno, inaisha?"

"Inaisha."

Akavuta kiti akaketi, sauti ikashuka. "Na wewe? Unamtaka?"

Nikaanza kumjibu na jibu likakosekana. Si kwamba sikumtaka. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza. Siku niliyoozwa baba yangu alikuja chumbani na mashahidi wawili, akaniuliza kama naridhia kuozwa kwa bwana huyu anayeishi Uingereza. Nikainamisha uso nikanyamaza, kama mwari anavyotakiwa kunyamaza. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Kimya changu kikawa ndiyo yangu, wakaenda nacho msikitini. Sikulazimishwa, na baba yangu alikuwa mtu mwema. Lakini mimi neno sikulitoa.

"Si lazima unijibu mimi," jirani akasema, akainuka kwenda kuutazama mguu. Nilimsikia sebuleni akimwambia mume wangu aweke mguu juu vizuri na mdomo chini kabisa.

Nilifikiri siku nzima, njaa ikinisaidia. Nilifikiri juu ya baridi ya kwanza niliyoikuta Birmingham, nilipokuwa nalia nikivaa viatu kwa jinsi vilivyokuwa baridi ndani. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, aliviweka viatu vyangu juu ya hita, nami nikiamka navikuta vina joto. Miaka yote ile hakuwahi kulitaja jambo hilo wala kuliapia. Tangu avunjike mguu nilikuwa navivaa baridi, na sikulalamika, maana kuinama hakuweza.

Jioni tulifuturu mezani, yeye kule na mimi huku. Televisheni ilikuwa wazi na wakalirudia bao lile kwa mara nyingine, kidude kikaruka kutoka kichwani mwa kipa. Nilidhani atazima. Hakuzima.

"Kilikuwa kinakuja polepole," akasema, bila kunitazama. "Alikiona, maskini. Alikuwa na wakati."

Niliwatazama wale wa Belarus wakikumbatiana na nikafurahi nao upya, na nikashangaa kwamba sina kinyongo nao. Walikuwa wamenivunjia nyumba na bado niliwaona watu wa kupongezwa.

Akaonja sambusa, uso ukakunjika. "Tal..." akaanza, na akasita. Mkono ukampanda wenyewe kwenye paji la uso, palepale kidude kilipompiga yule kipa. "Nadhani," akasema, "chumvi imezidi kidogo."

Nikauma mtandio nisicheke.

Asubuhi ya Idi niliamka kujiandaa kwenda kuswali. Viatu vyangu sikuvikuta mlangoni. Nilivikuta juu ya hita, vimepangwa vizuri, visigino pamoja, na chini yake sakafuni kulikuwa na alama za gongo na mchirizi wa plasta mahali alipokaa chini ili avifikie. Yeye alikuwa kwenye kochi amegeukia ukuta, anajifanya amelala. Nikavivaa. Vilikuwa moto kabisa.

Baada ya swala walikuja wageni wetu wawili. Yule Mkongomani alikuja na mkate, na jirani alikuja amevaa gauni la Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Nilipakua pilau. Kabla watu hawajanawa mikono, mume wangu akainuka. Alijishika kwenye magongo yote mawili, akanyoosha mkono akazima televisheni.

"Juzi nilisema neno mbele ya huyu," akasema, akimwonyesha rafiki yake. "Shahidi yupo. Leo nina neno jingine, na maalim kanambia naweza kulisema nipendapo. Lakini mwenyewe kanikataza. Basi silisemi. Nauliza."

Akanigeukia.

"Je, wataka nikurejee?"

Jirani alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, maana yeye kunyamaza ni kazi. Rafiki alishika sahani tupu kifuani. Nami nikahisi kile kimya cha zamani kinanijia. Shingo ilianza kuinama yenyewe, macho yakashuka kwenye zulia, na nilijua kwamba nikikaa hivi dakika moja tu watanielewa, watafurahi, na tutakula.

Nikatazama mikono yake kwenye magongo. Mtu yule hakuwahi kumshabikia mtu ambaye hakuwa na hakika naye, na sasa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya sebule, mbele ya watu, hajui nitasema nini. Na alisubiri. Hakunihimiza, hakuapa, hakucheka.

Nikainua uso. "Nataka," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nadhani hata jirani wa upande wa pili wa ukuta aliisikia.